Vikaragosi na Watazamaji Wao

Msomaji, katika lugha yetu jina la kikaragosi halina heshima. Mtu asiye na rai yake, avutwaye na wengine huku na huko, huitwa kwa jina hilo. Na mchezo wa vikaragosi wenyewe hudhaniwa kuwa kitu cha kuwanyamazishia watoto. Dhana hii yafaa kupimwa, kwa sababu huko Ufaransa uko mji ambao umeikanusha kwa zaidi ya miaka 60.

Mji huo ni Charleville-Mézières, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Jacques Félix alianzisha hapo tamasha la vikaragosi mwaka 1961. Taasisi ya kimataifa ya sanaa hiyo ikafuata mwaka 1981, na shule ya kuwafunza mafundi wake mwaka 1987. Siku za tamasha michezo huonyeshwa kumbini, viwanjani na njiani. Mingine hutungwa kwa watoto, mingine kwa watu wazima, na mingine kwa wote pamoja. Aina hii ya tatu ni ngumu kuliko zote, nayo ndiyo kipimo cha sanaa yenyewe.

Ugumu wake u wapi? Mtungaji dhaifu hudhani kuwa mtoto hutaka kelele na mtu mzima hutaka hotuba. Basi humtupia mmoja kichekesho na mwingine fumbo, kama mwenyeji apikaye vyungu viwili kwa wageni wa sinia moja. Mchezo wa namna hiyo hauna umoja: mtoto akicheka, mzazi hupiga miayo, mzazi akitafakari, mtoto huuliza watarudi nyumbani lini.

Mfano bora watoka Afrika. Kundi la Handspring la Cape Town liliunda farasi wa mchezo wa War Horse, ulioonyeshwa kwanza London mwaka 2007 kutokana na kitabu cha watoto cha Michael Morpurgo. Farasi huyo ana kimo cha farasi wa kweli, na mwili wake ni wa henzirani, zile fito nyembamba zisukiwazo viti. Watu watatu humwendesha mbele ya macho ya wote: mmoja kichwani, wawili ndani ya kiwiliwili. Hakuna hila iliyofichwa. Lakini kifua chake kikipanda na kushuka, na masikio yakigeukia sauti, mtoto na babu yake huwasahau wale watatu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1997 kundi hilo lilikuwa limekwisha kuutumia ufundi wake kwa jambo zito. Katika Ubu and the Truth Commission, mchezo ulioandikwa na Jane Taylor na kuongozwa na William Kentridge, vikaragosi vya mti vilisimama mahali pa watu walioteswa chini ya ubaguzi wa rangi, vikasema maneno ya ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini. Mwigizaji akimlilia mwana wa mwingine, twaweza kuyashuku machozi yake. Kikaragosi hakina machozi. Hubeba neno la mwenye msiba, na kilio hutuachia sisi.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya sanaa hii. Kitu kisicho na uhai humwomba mtazamaji akiazime wake. Mtoto huazima upesi, mtu mzima kwa kusitasita. Lakini wote wawili huombwa jambo lile lile. Kwa hiyo jina tulilolifanya tusi latudai haki: mtu avutwaye hulaumiwa kwa kuwa ana uhai akautupa, bali kikaragosi hakina, nacho hujitahidi kuupata.

Utakapotazama mchezo wa vikaragosi, usiulize kwanza umetungwa kwa umri gani. Tazama kama kikaragosi chapumua hata kinyamazapo. Kama hakipumui, maneno mengi hayatakifufua.