Jina Kabla ya Pesa

Wabunifu wa huduma za simu husifiwa kwa rangi na picha, ilhali ubingwa wao uko kwingine: kutazama watu wanavyoitumia huduma na wanavyokosea, kisha kuirekebisha huduma badala ya kuwalaumu watu. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya Oktoba 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya Faulu kulipa mikopo yao midogo. Wateja wakaipeleka kwingine, wakawa wanatumiana pesa wao kwa wao. Kundi la Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone lingeweza kuwafundisha matumizi yaliyokusudiwa. Liliweka mikopo kando, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani: namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, basi. Uamuzi huo wa kupunguza naustahi kuliko uvumbuzi wowote wa mitambo.

Baadaye ikaja Hakikisha. Tarakimu moja ikikosewa, pesa humwendea mtu baki; sasa jina la mpokeaji hutokea kabla pesa haijaondoka. Huko Kisegi, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Homa Bay, mchuuzi wa omena anayemlipa mwenye mashua huweza kuwa ameshika simu ya mulika mwizi juani, vidole vimelowa, mtandao unayumba. Tarakimu kumi hawezi kuzihakiki kwa jicho moja. Jina la mtu anayemjua analitambua papo hapo, na likiwa geni anasitisha.

Watu watasema M-Pesa ilibebwa na mawakala na ukubwa wa Safaricom, si ubunifu. Mawakala ni nguzo, sikatai, lakini hata kazi yao ilibuniwa: ujumbe wa kuthibitisha humfikia mteja na wakala pia, hivyo hakuna anayelazimika kumwamini mwenzake kwa neno tu. Hoja nzito zaidi ni ya tapeli, anayepiga simu akidai ametuma pesa kimakosa na kuomba arudishiwe. Jina halimzuii, kwa kuwa anayedanganywa anatuma kwa hiari yake. Kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, husaidia pale tu pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji; zikishatolewa kwa wakala, mteja hana tena cha kubonyeza. Hapo ndipo wabunifu wanapodaiwa kazi, na sioni sababu ya kuamini kwamba imewashinda.