Hongo na Forodha: Neno Lililoshushwa Cheo

Mshairi wa leo akitaka kuukemea ufisadi, neno la mwanzo linalomjia ni hongo, na kina kinacholifuata aghalabu ni uongo. Maneno haya mawili yamezoeana mno hata msikilizaji huumaliza mshororo kabla ya mtunzi. Hata hivyo, hongo halikuzaliwa nje ya sheria. Katika karne ya kumi na tisa, kwenye njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, hongo ilikuwa malipo aliyostahiki mtawala kwa kupitiwa nchi yake. Msafara ulilipa kwa merikani na kaniki, kwa shanga na nyaya za shaba. Katika habari alizoandika John Hanning Speke, malipo yakishakubaliwa ngoma hupigwa, watu wote wajue kwamba njia imefunguka. Ngoma ile ndiyo iliyokuwa stakabadhi. Rushwa haitangazwi kwa ngoma.

Linalostahili kuhakikiwa ni namna Kiingereza kilivyolipokea neno hili. Richard Burton alifika Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, mwezi Novemba 1857. Katika kitabu chake cha 1860 alilifasiri kwa neno ambalo Waingereza humtupia mtu anayetoza wenzake kwa vitisho. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha 1872, alitumia neno lenye heshima kidogo, lile la mali anayoitoa mnyonge kwa mwenye nguvu. Neno la forodha, ambalo wote wawili walilijua tangu Unguja, silo walilolichagua.

Na Unguja ilikuwa na forodha. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, na ule wa Uingereza wa 1839, uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoingia. Hakuna Mwingereza aliyeona fedheha kuulipa. Basi nguo ile ile ya merikani ililipiwa bandarini, malipo yakaitwa ushuru. Ikafika Ugogo, ikalipiwa tena, malipo yakaitwa unyang'anyi. Tofauti haimo katika nguo. Imo katika cheo anachokubaliwa yule anayepokea.

Ni haki kusema kwamba hongo ilikuwa na udhia wake. Haikuwa na kiwango maalumu. Msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukibishana, huku chakula kikipungua. Lakini kisima na nafaka za Ugogo zilikuwa na wenyewe, na mwenye kisima katika nchi kavu hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Udhia wa kodi haujawahi kuwa hoja ya kuikana dola inayoitoza.

Mfano ulio wazi zaidi uko Unyanyembe. Alipofariki Mtemi Fundikira, kiti kilishikwa na Mnywa Sele, naye akaweka kodi juu ya bidhaa za wafanyabiashara walioingia nchini mwake. Wafanyabiashara wa pwani wakakataa, vita vikazuka, na karibu mwaka 1860 wakamsimamisha Mkasiwa mahali pake. Speke alipopita mwaka 1861 alionana na Mnywa Sele, akaandika malalamiko yake. Na hapo, kwa mara moja, Kiingereza chake kinaiita kodi kwa jina lake, bila dharau. Ukurasa huo unazizidi kurasa nyingi za wasafiri kwa sababu moja: mtawala ameachiwa aseme mwenyewe. Mnywa Sele aliuawa mwaka 1865.

Isingekuwa insafu kumtwika Burton lawama yote. Watu wa pwani walimjua mtemi kwa karibu, hata baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti Fundikira. Lakini lugha yao iliweka ushuru na kodi upande wa bandari, ikaiacha hongo upande wa bara. Kisha Wajerumani wakaja. Mwezi Januari 1893 Mtemi Isike, boma lake likiwa linaangukia mikononi mwao, aliilipua baruti yake na kujitia ndani ya mlipuko. Waingereza waliofuata walimwita mtemi chifu, neno moja kwa mwenye nchi pana na kwa mwenye vijiji vichache, wakati jina mtemi, kwa asili yake, ni mkataji: mkata shauri na mfyeka pori. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikaufuta uchifu. Neno hongo likabaki bila kiti cha enzi wala ngoma. Mpokeaji pekee aliyesalia ni karani mwenye kufungua mkono chini ya meza.

Hapana anayetaka rushwa isafishwe kwa historia. Linalotakiwa kwa watunzi ni kulisikia neno zima. Kina kinachoifunga hongo na uongo kinao pia mgongo, na merikani ile haikufika Tabora kwa gurudumu. Ilibebwa na wapagazi. Mtunzi atakayeiweka hongo karibu na mgongo uliobeba, na karibu na ngoma iliyofungua njia, hatapoteza hata mizani moja, na atamrudishia msomaji nusu ya maana iliyoachwa njiani.