Gundi Ililala Wapi?

Nilipokuwa mtoto Tanga, baridi niliijua kwa chupa ya mafuta ya nazi. Mwezi wa saba, kipupwe kikishika, mafuta yaliamka meupe, yamekaza kama samli, na mama aliiweka chupa kizingitini hadi jua liyalegeze. Hakuna aliyehuzunika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi, na yakipata joto hurudi kuwa yaleyale, kwa harufu ileile. Basi nikakua nikiamini kwamba kilichoganda huyeyuka, na kikishayeyuka hakina kinyongo. Imani hiyo ndiyo iliyonigharimu kabati la droo tano, huku Minnesota, mwezi wa pili.

Karakana yangu ni gereji iliyojitenga na nyumba. Kuta zake ni mbao nyembamba, kipasha joto haina. Jimbo hili si la mchezo: kule Tower, kaskazini, tarehe 2 Februari 1996 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Mjini kwetu hatufiki huko, lakini usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri hauandikwi gazetini. Tangu Novemba chupa ya gundi nilikuwa nimeiacha rafuni, kando ya randa na patasi. Randa haikulalamika. Gundi iliganda, ikayeyuka siku za jua, ikaganda tena. Nilipoibinya Februari ilitoka, nzito kidogo, ina vidonge viwili vitatu, nami nikajisemea moyoni: mafuta ya nazi.

Wiki tatu baadaye mteja alivuta droo ya juu. Ubao wa mbele ukabaki mkononi mwake, droo yenyewe ikabaki kabatini. Alisimama ameushika kama mtu aliyepokezwa mtoto asiye wake. Nilipotazama penye maungio sikuona gundi. Niliona unga mweupe, unaofutika kwa kidole.

Jioni ile nilimpigia simu fundi aliyenifunza kazi. Ni mzee sasa, na hajawahi kuiona theluji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbao zasemaje?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo gundi ililala wapi?"

"Gerejini."

"Na wewe ulilala wapi?"

Sikuwa na jibu la heshima. Nilikuwa nimelala ndani, chini ya mablanketi mawili.

Mzee yule hakuwa mpenzi wa gundi. Kwake, gundi ni shahidi tu. Ndoa yenyewe ni kilimi na tundu. Alikuwa akituamuru tuunge fremu kavu, tuibebe kwa pembe moja, tuitikise, na ikilia tuivunje tuanze upya. Anatoka pwani ambako watu waliunda mitepe, majahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, na ambako marufaa ya kuwekea msahafu hupasuliwa kutoka ubao mmoja, pande zake mbili zikabaki zimeshikana kwa bawaba ya mti uleule. Mtu aliyelelewa na ufundi wa namna hiyo ana haki ya kuidharau chupa. Lakini hata yeye, alipoitumia, hakuiacha juani. Aliifunika kwa gunia lenye unyevu, akaiweka kivulini chini ya benchi, kwa sababu Tanga adui wa gundi ni joto: inashika utando juu kabla hujafikisha ubao mahali pake. Mimi nilikumbuka gunia, nikasahau sababu ya gunia.

Gundi ya mbao, ile nyeupe na ile ya manjano, ni chembe za plastiki iitwayo polivinili asetati, ndogo mno kuonekana kwa macho, zinazoelea majini bila kugusana. Mpishi wa pwani ataielewa upesi kuliko mkemia: ni tui. Tui nalo ni mafuta yaliyotawanyika majini, na ukilichemsha bila kulikoroga linakatika. Tofauti ni kwamba tui hukatwa na moto, gundi hukatwa na baridi. Maji yaliyo ndani yake yakigeuka barafu, fuwele za barafu hukua na kuzisukuma zile chembe pembeni, zikasongamana hadi zikashikana. Barafu ikiyeyuka, maji hurudi kuwa maji, ila chembe zilizokwisha kushikana haziachani tena. Unabaki na madonge, au na kitu kinachovutika nyuzi kama mlenda. Wapo watengenezaji wanaotia viambato vya kuifanya istahimili kuganda na kuyeyuka mara kadhaa, lakini mara kadhaa si majira mazima ya baridi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni la siri zaidi, na ndilo lililoacha ule unga. Hata gundi nzima, isiyowahi kuganda, ina joto lake la chini. Maji yakishaingia kwenye ubao na kukauka, zile chembe zinapaswa ziwe laini kiasi cha kuingiana na kuwa utando mmoja. Pakiwa na baridi mno zinabaki ngumu, kila moja kivyake, kama mchanga. Joto hilo la chini mafundi wa huku huliita joto la chaki. Titebond, gundi inayouzwa sana Marekani, hutaja viwango vyake: ya kawaida nyuzi 10, ya pili 13 hivi, ya tatu 8 hivi. Chupa yangu nayo ilikuwa na maandishi ya namna hiyo. Sikuyasoma, nani husoma chupa ya gundi?

Na kiwango hicho si cha gundi peke yake. Ni cha ubao pia, na cha hewa. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya: tunawasha kipasha joto cha mafuta ya taa nusu saa, mikono inapata uhai, tunavua makoti, tunaanza kupaka. Hewa hupata joto kwa dakika, ubao kwa saa. Ubao wa mwaloni wenye unene wa vidole viwili, uliolala kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, umebeba baridi tumboni, na matone ya gundi ya uvuguvugu hayana ubavu wa kuitoa. Vibano vya chuma ndivyo vibaya zaidi. Ukivikaza vikiwa baridi, vinanyonya joto pale pale unapolihitaji.

Kwa hiyo nimejifunza kazi nyingine, inayoanza siku moja kabla ya kazi. Mbao zinaingia sebuleni usiku, zinasimama nyuma ya kochi na vijiti kati yake ili hewa ipite. Vibano vinalala karibu na mlango wa jikoni. Asubuhi nadondosha tone la gundi kwenye kipande cha ubao uleule na kusubiri likauke. Likikauka angavu, la rangi ya asali, naendelea. Likiwa jeupe kama chokaa, nakunywa chai. Nikiwa na shaka na chupa yenyewe, naunga vipande viwili vya takataka, nangoja hadi kesho, kisha navipasua kwa patasi: nyuzi za mti zikichanika, gundi ni nzima, mstari wa gundi ukiachia, chupa inakwenda pipani, hata kama imejaa. Kiungo ambacho wakati wa joto kingetoka kibanoni baada ya nusu saa, majira haya nakiacha mpaka kesho yake.

Nina jirani, mzee anayetengeneza fidla zilizovunjika, ambaye anacheka haya yote. Yeye hutumia gundi ya ngozi, inayopikwa kutokana na ngozi za wanyama, na huiweka kavu, punje kama mchele wa kahawia ndani ya chupa ya kioo. Baridi haiifanyi kitu kwa sababu haina maji ya kuganda. Anapotaka kufanya kazi huiloweka, kisha huipasha ndani ya chungu kilichotiwa kwenye maji ya nyuzi 60 hivi; ikichemka inapoteza nguvu. Ni ufundi mkongwe: katika kaburi la Rekhmire, kule Thebes nchini Misri, lililochorwa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, wamo maseremala na chungu chao cha gundi motoni. Lakini hata mzee huyu hajaepuka baridi, amebadilisha tu saa ya kukutana nayo. Gundi yake ikigusa ubao wa baridi huwa jeli kabla hujavuta pumzi mbili, kwa hiyo naye hupasha mbao zake. Amenikubalia hilo shingo upande.

Yeye ndiye aliyenionyesha dawa niipendayo kuliko zote: friji iliyokufa. Ipo kwenye kona ya karakana yake, mota haifanyi kazi, na ndani amefunga balbu ya kizamani, ile inayochoma vidole, iliyounganishwa na swichi inayojiwasha joto likishuka. Mashine iliyoundwa kuzuia joto lisiingie inazuia lisitoke, nayo rangi zake na vanishi zake zinastarehe humo huku barafu imetanda dirishani. Naitafuta friji ya namna hiyo. Waliozitupa msimu uliopita walinitangulia kwa siku moja.

Kwa sasa gundi yangu inakaa kabati la jikoni. Mke wangu ameiandikia SI YA KULA kwa kalamu nyekundu, maana rangi yake inafanana mno na maziwa ya kopo. Kulia kwake kuna mfuko wa sembe, kushoto chupa ya mafuta ya nazi aliyotuletea shemeji. Nyumba yetu wakati wa baridi ina nyuzi 20, kwa hiyo mafuta yamekaza tangu Oktoba. Kila asubuhi ya kazi mkono wangu huenda kwanza kushoto, naibinya chupa, haitoi kitu. Kisha nachukua ile ya pili, naiinamisha, na naiona gundi ikiteremka polepole kuelekea mdomoni.