FAILI, HATI NA KUMBUKUMBU: MAONI JUU YA ISTILAHI

Ofisi nyingi siku hizi huunganisha mfumo wa kutunza hati, lango la mtandao wa ndani na programu ya uhasibu, ili mhasibu aione ankara papo hapo anapoandaa malipo yake. Kazi hiyo ni njema. Lawama yetu ni juu ya maneno mawili yanayoonekana katika skrini zake: faili na nyaraka.

Katika masjala zetu, faili ni jalada lenye barua nyingi, kila moja na namba yake ya folio. Katika kompyuta, faili huweza kuwa barua moja tu. Mifumo ikiunganishwa, maana hizo hukutana. Karani akisoma "Futa faili", ataelewa aondoe barua moja au jalada zima?

Neno nyaraka nalo limebebeshwa mno. Waraka, kwa mtumishi wa serikali, ni agizo lipelekwalo kwa wengi. Tena Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambamo kumbukumbu ni ushahidi wa shughuli za ofisi, na nyaraka ni zile zinazohifadhiwa daima. Kuiita rasimu na ankara iliyokwisha kulipwa "nyaraka" kwa pamoja ni kufungua mlango wa kufuta ushahidi.

Kwa hiyo twapendekeza hati kwa andiko moja, jalada kwa mkusanyo, na kumbukumbu kwa hati iliyothibitishwa, isiyoruhusiwa kubadilishwa. Wafasiri wakizingatia hayo, mkaguzi wa hesabu atakikuta anachokitafuta.