Bambo la Fundi wa Kanzidata

Utaratibu uliohifadhiwa ni mfululizo wa amri za SQL uliopewa jina na kuwekwa ndani ya kanzidata, ili programu ya nje iuite kwa jina hilo bila kujua undani wake. Usiri huo una faida, lakini unazaa kazi ya ufundi: anayeuita lazima ajue atapokea safu zipi, za aina gani na kwa mpangilio upi. Dodoma, ambako Serikali inataka mifumo ya taasisi zake isomane, swali hili halikwepeki.

Kizota, jijini humo, kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), kuna mfano mzuri. Gunia la mahindi halimwagwi ili kujua kilichomo. Huchomwa bambo, punje chache zikatoka na kupimwa unyevu na usafi. Fundi wa kanzidata naye hutafuta bambo lake, kwa sababu nzito kuliko kuokoa muda. Katika mfumo wa hesabu za ghala, utaratibu wa kutoa mzigo unaweza kusoma salio, kupunguza magunia, kuandika hati, na mwisho ndipo urudishe jedwali. Kuuendesha kwa ajili ya kuona matokeo tu ni kuyatoa mahindi vitabuni.

Katika SQL Server, matokeo hupitia njia tatu: namba kamili moja, ambayo kwa desturi 0 ni dalili ya mafanikio, vigezo vya kutolea, na majedwali ya matokeo, ambayo huweza kuwa mengi au yasiwepo kabisa. Vigezo vimeandikwa kwenye katalogi. Majedwali hayamo, na ugumu wote uko hapo.

Zamani ilitumika amri ya SET FMTONLY ON, ambayo huleta vichwa vya safu bila data. Kasoro yake ni kupita matawi yote ya IF bila kujali masharti, hivyo huripoti majedwali mawili pale ambapo lingekuja moja. Tena hukwama penye jedwali la muda, maana amri ya kuliunda haitekelezwi. Toleo la 2012 lilileta sp_describe_first_result_set, inayochambua msimbo bila kuuendesha na kutaja jina na aina ya kila safu. Hueleza jedwali la kwanza tu. Matawi yasipolingana, au penye jedwali la muda, hurudisha kosa. Kukataa huko ni uungwana mkubwa wa chombo hiki: jibu la kubahatisha lingeharibu mengi zaidi.

Chombo kikikataa, kinabaki kipaji cha kusoma, na hapa ndipo fundi hodari anapoonekana. Hupitia kila SELECT akitenganisha inayojaza kigeugeu, ambayo haimfikishii mwitaji kitu, na inayotuma safu nje. Hufuata pia taratibu zinazoitwa ndani kwa ndani, kwa kuwa majedwali yake nayo humfikia mwitaji. Ikibidi kuendesha, hutumia nakala ya kanzidata na kujaribu hali mbalimbali: salio linalotosha, salio pungufu, ghala lisilokuwepo. Kuendesha ndani ya muamala na kuutengua husaidia, ingawa namba za mfululizo zilizokwisha kutolewa hazirudi.

PostgreSQL hupunguza shida hii kwa kudai kila funkisheni itangaze inachorudisha. Tangazo hilo hutunzwa kwenye pg_proc, japo funkisheni iliyotangaza rekodi tupu humwachia mwitaji kazi ya kutaja safu. Kwa SQL Server, tangazo la namna hiyo huandikwa na mwitaji mwenyewe kwa WITH RESULT SETS: hutaja umbo analolitarajia, na idadi ya safu isipolingana, au aina isipogeuzika, seva husimamisha kazi hapohapo. Tangu hapo safu iliyoongezwa kimyakimya hugunduliwa siku ya kwanza ya majaribio, kabla ripoti ya ghala haijatoka na tarakimu zilizohama mahali pake.