Maji si Mchanganyiko: Tahakiki ya Istilahi Tatu za Kemia

Katika darasa moja mjini Songea nilikuta ubaoni sentensi hii: "Maji ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni." Sarufi yake haina dosari. Lakini kwa mizani ya kemia sentensi hiyo ni kosa, na kosa lenyewe halikuanzia kwa mwalimu. Limetokana na sisi tunaounda istilahi na kuziachilia bila ya kuzitafutia vitenzi vya kuandamana nazo.

Istilahi zinazohusika ni elementi, kampaundi na mchanganyiko. Elementi ni dutu isiyoweza kugawanywa kwa njia za kemia ikapatikana dutu iliyo sahili zaidi. Mathalani, kaboni au chuma. Kampaundi hutokana na elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa uwiano maalumu: katika maji, kila gramu 1 ya haidrojeni huchukua takriban gramu 8 za oksijeni. Mchanganyiko hauna uwiano wa lazima, na kila kilichomo hubaki na tabia yake. Mpishi wa makande aweza kuzidisha maharage au kuyapunguza, na akitaka aweza kuyachambua. Katika chumvi hakuna awezaye kuchambua sodiamu, metali yenye mmenyuko mkali ikiguswa na maji, wala klorini, gesi yenye sumu.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, orodha zetu za istilahi aghalabu ni orodha za nomino. Neno kampaundi limeingia katika lugha bila ya kitenzi. Mwanafunzi anapotaka kueleza jinsi kampaundi inavyopatikana, hukimbilia kuchanganya, kitenzi anachokitumia kwa saruji na mchanga. Na kitenzi kikishatumika, nomino yake hufuata. Wapo wanaopendelea msombo. Neno hilo lina sura ya Kibantu, lakini halitusaidii: kifusi husombwa, wala hakiungani.

Mkoani Ruvuma jambo hili si la darasani tu. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yaweza kudhaniwa kuwa ni kaboni tupu, ilhali ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za kaboni, pamoja na maji na vitu visivyoungua vinavyobaki kuwa majivu. Huko Namtumbo, penye mradi wa Mto Mkuju, neno urani hubebeshwa maana tatu: mwamba, unga unaotokana na kuusafisha mwamba huo, na elementi yenyewe, namba 92. Mwamba ni mchanganyiko ambamo urani ni sehemu ndogo mno. Unga ni oksidi hasa, yaani kampaundi. Elementi yenyewe haipatikani ardhini ikiwa peke yake. Mwananchi anayeuliza kama vumbi la machimbo lina hatari anastahili kuambiwa kwanza ni vumbi la kitu gani kati ya hivyo vitatu. Jibu la neno moja litamtisha bure au litamtuliza bure.

Pendekezo letu si kuunda maneno mapya. Elementi na kampaundi zimekwisha kuzoeleka, na zibaki. Kinachotakiwa ni kila istilahi ioane na kitenzi chake: elementi huungana, na kampaundi huvunjwa, vitu huchanganywa, na mchanganyiko hutenganishwa. Vitenzi hivyo viandikwe katika orodha sanifu kando ya nomino zake, pamoja na sentensi ya mfano.

Atakayesema kwamba kuungana ni neno la siasa na akumbuke kuwa mwaka 1964 udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar ulichanganywa katika chombo kimoja, lakini nchi zenyewe tulisema zimeungana. Hakuna aliyetufundisha tofauti hiyo. Tulikuwa nayo katika lugha. Tukiipeleka katika kemia, ubao ule wa Songea utasomeka hivi: "Maji ni kampaundi, haidrojeni na oksijeni zimeungana."