Tuzo za Watayarishaji wa Sinema na Televisheni Katika Marekani

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Katika ngoma, atuzwaye huonekana na wote akicheza. Mtayarishaji wa picha za sinema haonekani. Kwa hiyo amtuzaye sharti kwanza ajue ni nani aliyefanya kazi. Hapo ndipo tuzo zitolewazo kila mwaka na Chama cha Watayarishaji wa Marekani zipasapo kupimwa.

Chama hicho kilipatikana mwaka wa 1962, kwa kuungana chama cha sinema cha mwaka wa 1950 na kile cha televisheni cha mwaka wa 1957. Tuzo zenyewe zilianza mwaka wa 1990, na picha ya kwanza kushinda ilikuwa Driving Miss Daisy.

Neno mtayarishaji latoka katika kitenzi tayarisha, na maana yake yaeleweka. Lakini katika sinema jina hili hupewa aliyetafuta hadithi, aliyesimamia kazi siku kwa siku, na pengine aliyetoa fedha tu. Mtayarishaji mkuu wa televisheni aghalabu ni mwandishi aongozaye mfululizo wote. Katika sinema, aghalabu ni mleta fedha. Jina moja, kazi mbili. Mwaka wa 1999 watu watano walipokea Oscar kwa ajili ya Shakespeare in Love. Baadaye waandalizi wa Oscar wakaweka mpaka wa watu watatu. Lakini hesabu haiamui nani alifanya nini. Chama kilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka wa 2012 herufi p.g.a. huandikwa baada ya jina la mtu aliyethibitishwa kuwa alifanya sehemu kubwa ya kazi, na uthibitisho huo ni wa picha ile moja tu. Hilo lastahili sifa, maana neno limerudishiwa maana yake.

Dosari i katika tuzo kuu ya sinema. Tangu mwaka wa 2010 wapiga kura huzipanga picha kwa daraja, kama ifanyikavyo katika Oscar. Basi watu wameifanya tuzo hii kuwa mbiu tu ya tuzo nyingine. Mwaka wa 2017 ilishinda La La Land, na Oscar ikaenda kwa Moonlight. Mwaka wa 2020 ilishinda 1917, na Oscar ikaenda kwa Parasite. Watabiri walisikitika, lakini swali lenyewe halikuulizwa. La La Land iligharimu dola zipatazo milioni 30. Moonlight, chini ya milioni 5. Ni nani aliyetayarisha vema zaidi, mwenye vingi aliyevitumia kwa ustadi, au mwenye vichache aliyevitosheleza? Kura ya daraja hujibu ni picha gani iliyopendwa na wengi. Haijibu ni kazi gani iliyofanywa.

Chama kilichojua kuthibitisha kazi kabla ya kura chaweza pia kuitaja baada ya kura: hadithi ilipatikanaje, fedha zilikusanywaje, ni hatari gani iliyoepukwa. Bila ya maelezo hayo, mchezaji ametuzwa gizani, na watazamaji wamesikia ngoma tu.